Kula na Watu kwa Tumbo Dogo

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na wenzetu mliotoka bara, hamjambo nyote. Bismillahi, naanza kabla sijaghairi.

Mnaniona nimeshika karatasi. Msicheke. Kuandika hivi nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma tu, na karatasi hii nimeichana na kuianza upya hata mama akaniuliza kama kuna mtihani. Ndivyo nilivyo. Neno likikaa vibaya silali. Kwa hiyo nitasoma, na nikiinua macho mjue nimejisahau.

Wengi wenu nawajua. Kuna wa sukari, kuna wa presha, kuna dada yetu wa figo anayetuchekesha kila kikao. Nyinyi maradhi yenu yana majina. Ukisema nyumbani kwa watu, "Mimi nina sukari," mwenye nyumba anakuondolea kikombe chenye sukari na kukuletea kingine, na mazungumzo yanaendelea. Mimi yangu hayana jina huku kwetu. Mimi nilikatwa tumbo ili nipungue uzito. Nimelitamka sasa hivi mbele yenu, na kuna wanaolisikia leo mara ya kwanza.

Nimezaliwa mtaa wa Wiyoni, hapa hapa mjini, na bado naishi hapo na mama. Tangu utotoni nilikuwa mnene. Si ule unene wa kuambiwa "mashallah, mtoto ana afya." Ni unene wa kushonewa sare ya shule kwa fundi kwa sababu za dukani hazikunitosha. Nikajifunza mapema kwamba mtu mnene lazima awe hodari, ili watu wapate kitu kingine cha kusema juu yake. Basi nikawa hodari. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Nilipomaliza shule nilijifunza kupika keki kwa kutazama simu. Keki iliyopinda, hata kama ni mimi tu niliyeona imepinda, niliivunja nikaanza tena. Keki zangu zimekwenda harusi nyingi hapa mjini, na nyingine zimeteremshwa gatini Mtangawanda, ng'ambo ya bahari, zikiwa zimepakatwa mapajani kama watoto wachanga.

Nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sukari ikaanza. Magoti yakauma. Usingizini pumzi ilikuwa ikikatika, na mama akawa analala chumbani kwangu ili anitikise. Nikapelekwa Mombasa. Daktari, mtu mpole, akanichorea kwenye karatasi: hili ni tumbo, tutalikata hapa, tuache kijifuko kidogo tu juu, kisha kijifuko tutakiunganisha na utumbo huku chini, chakula kipite njia ya mkato. Akanambia wazi kuwa nitakula kidogo maisha yangu yote, na nitatumia vitamini maisha yangu yote, kwa sababu ule utumbo unaorukwa ndio uliokuwa ukizifyonza. Akasema nirudi kupimwa damu, nisikose. Nikaitikia, nikaitikia. Mimi ni hodari sana wa kuitikia.

Sijuti. Nataka hilo lieleweke, maana kuna dada hapa aliyeninong'oneza mlangoni kwamba naye ameshauriwa. Sukari yangu ilishuka. Pumzi ilirudi, mama akarudi kulala chumbani kwake. Siwezi kusimama hapa nikamtisha mtu na matibabu yatakayomwokoa. Ninachotaka kusema ni kile ambacho hakuna aliyenieleza hospitalini, kwa sababu hospitalini kila mgonjwa anakula kwenye sahani yake, kitandani pake.

Wenzetu wa bara, niwieni radhi, hapa nawaeleza nyinyi. Kwetu sisi chakula cha wageni hupakuliwa kwenye sinia moja, watu wakalizunguka, wanne, watano, kila mtu akala upande wake kwa mkono. Mkubwa ndiye anayeanza. Na kuna adabu moja ambayo hakuna anayefundishwa, unaikuta tu mkononi mwako: huondoi mkono mapema. Ukiondoa mkono, wenzio wataona haya kuendelea. Watasema "Alhamdulillahi" nao waondoe yao, wakiwa bado na njaa. Ndiyo maana mwenye nyumba anakula polepole na kumaliza mwisho, hata kama ameshiba zamani. Anawalindia wageni chakula chao.

Sasa mfikirieni mtu ambaye tumbo lake linajaa kwa matonge machache.

Tonge likizidi hukwama hapa, chini ya kifua, kama mtu amenikanyaga. Mate yanajaa mdomoni. Kitu kitamu ndicho kibaya zaidi. Sharbati, halua, hata tende zikizidi, moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, na lazima nilale chini, popote nilipo. Kwenye harusi ya kwanza niliyokwenda baada ya kupona mshono, nilikula kidogo nikajaa, na sinia lilikuwa bado kama halijaguswa. Nikafanya nini? Nikaanza kuigiza. Nilikanda wali, nikaufanya tonge, nikauvunja, nikausukuma upande wa jirani yangu. Nilidhani nafanya vizuri sana.

"Mbona huli, wewe?" mama mmoja akaniuliza. "Au chakula chetu hakikufai siku hizi?"

"Nakula, Bi."

"Unakula wapi? Tangu saa ile unajenga nyumba na kuivunja."

Mwingine akadakia, "Mwacheni! Ameshakuwa mwembamba, anaogopa kurudi alikotoka."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikala matonge mawili ya kuthibitisha, na nikayatoa yote chooni kwa wenyewe, nimefungua bomba ili nisisikike.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikonda mji mzima unakuwa daktari. Kuna waliosema nimepata mchumba Ulaya anayetaka mwembamba. Kuna waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba kukonda kule si bure. Mmoja alimuuliza mama kwa heshima zote, "Na huyu mwanao, ameshapimwa?" Mama alijua nimepasuliwa Mombasa. Alijua kulikuwa na kitu tumboni, na kimeshughulikiwa. Zaidi ya hapo hakujua. Ningemwelezaje? Kwa mama yangu, mtu hupasuliwa tumbo kwa uvimbe au kwa mtoto. Kwamba mwanawe amekatwa tumbo lililo zima ili asiweze kula chakula chake! Nilitafuta maneno ya kulisema hilo kwa uzuri, sikuyapata, na mimi nisipopata maneno mazuri hunyamaza.

Basi nikahamia jikoni. Nyumbani tunakula mama, wifi yangu na watoto wake. Mimi nilichukua kisahani na kijiko cha chai, nikakaa kwenye kigoda karibu na oveni. Mama alikuwa akiniita, "Ndoo japo ukae," yaani njoo. Nikamjibu kuwa nina keki motoni. Na keki ilikuwapo kweli. Nilihakikisha siku zote ipo. Mwanzoni waliniachia nafasi. Nilikuwa nikipita naiona, pale kati ya mama na ukuta. Kisha siku moja nilipita kuchukua taulo, nikaona duara limefungana. Nafasi haipo. Hakuna aliyenifukuza, wallahi. Watu hawawezi kukaa na pengo milele. Magoti husogea yenyewe. Nikarudi jikoni, nikawa natafuna samaki wangu taratibu kama nilivyofundishwa. Niliwasikia wanacheka kitu. Mpaka leo sijui walichokuwa wakicheka.

Mtu anaweza kukaa mpweke katika nyumba yenye watoto sita na redio. Hilo sikulijua.

Hata keki zangu nikawa siwezi kuzionja. Nikilamba sukari ile ya juu, naishia sakafuni. Wifi yangu ndiye aliyekuwa ananionjea.

"Vipi?"

"Tamu."

"Tamu vipi? Imezidi? Imepungua? Vanila inasikika?"

"Tamu, wifi! Keki ni tamu, unataka iwe nini?"

Tamu si jibu. Lakini ndilo jibu nililokuwa nalo. Nikawa napika vitu ambavyo kila mtu anavijua isipokuwa mimi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililokaribia kunimaliza, na nawaomba msilione dogo. Zile vitamini za Mombasa zilikwisha, nikanunua nyingine duka la dawa hapa mjini. Zilikuwa vile vidonge laini vya ganda. Mimi husoma kila kilichoandikwa kwenye kila boksi, maana mtu wa keki lazima asome. Jelatini imo katika vitu vingi, na mteja anataka kujua kama ni ya ng'ombe au ni ya mnyama asiyeliwa. Nikasoma. Ganda ni la jelatini. Haikuandikwa ya mnyama gani.

Mtu mwingine angeuliza. Swali la kuuliza mlangoni na kuondoka. Lakini mimi nilianza kulizungusha kichwani. Nikimuuliza mwenye duka, atauliza vitamini zote hizi za nini. Nikimuuliza sheikh, atauliza naumwa nini. Nikimuuliza daktari wa Mombasa, atasema mbona sijarudi kupimwa. Kila mlango nilioufikiria ulikuwa na swali limekaa nyuma yake. Nikaiweka ile chupa nyuma ya unga, nikajiambia nitauliza nikienda Mombasa. Sikwenda. Nilijiona mzima.

Hapo ndipo upweke ulipoacha kunila moyo ukaanza kunila mwili. Nywele zilitoka kwa mafungu, nikazificha ndani ya gazeti kabla ya kuzitupa. Ulimi ukawa mwekundu, unachoma hata kwa maji. Nilisahau vipimo vya keki nilivyovijua kama jina langu. Kisha miguu. Ilianza kama ganzi ile ya kuukalia mguu, ila mguu sijaukalia. Siku moja natoka sokoni na mzigo wa mayai, nikasikia mama mmoja ananiita kutoka barazani, "Ee binti! Ndara yako!" Nikageuka. Ndara yangu moja ilikuwa kule nyuma, kona ya pili, katikati ya kinyesi cha punda, nami nimetembea njia yote hiyo na mguu mtupu bila kujua. Nikasema nina haraka. Watu wakacheka. Nikairudia ndara yangu, nikaiosha, na nikaanza kuvaa viatu vya kufunga. Hiyo ndiyo dawa niliyojipa.

Mniruhusu ninywe maji. Kidogo tu, hata maji siwezi kuyanywa kwa mkupuo.

Haya. Kukawa na harusi kijijini Kipungani, kwa jamaa zake mama, wale wanaosuka mikeka. Keki nilitakiwa mimi nipike, kwa hiyo singeweza kutokwenda. Tukafika salama, keki ikafika salama, nikadhani nitajificha jikoni kama kawaida yangu. Lakini kule kuna shangazi yake mama, mzee wetu, ambaye sisi sote tunamwita Bibi. Mwanamke mfupi, mkali, asiyekuwa na subira na mtu yeyote. Akanishika mkono akanikalisha kwenye sinia lake, yeye, mama, mimi na dada wa mwenye harusi, yule mama aliyekuwa akioza mwanawe. Sinia la mkubwa wa nyumba! Hata kukataa nisingeweza.

Akanitazama. "Umekuwa kama ukindu," akasema. Ukindu ni lile jani wanalosukia mikeka. Akamega nyama nzuri, ile ya heshima, akaniwekea upande wangu kwa mkono wake mwenyewe. "Kula."

Nyama ya kupewa na mkono wa mkubwa hairudishwi. Nikaila. Akanipa nyingine. Nikaila upesi kwa hofu, sikuitafuna vya kutosha, na ikakwama. Macho yakajaa machozi. Nilijua nina muda mfupi sana kabla ya aibu kubwa zaidi. Nikaondoa mkono, nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba.

Yaliyotokea baada yangu nilihadithiwa. Bibi aliponiona nimeondoa mkono, mgeni, binti aliyeleta keki, alisita. Kisha akasema "Alhamdulillahi," akaondoa wake. Akishaondoa mkubwa, nani atabaki? Mama akaondoa. Yule wa nne akaondoa. Sinia la mkubwa wa nyumba likarudi jikoni na mlima wa pilau, nyama juu. Mwenye harusi akalipokea akashika kichwa.

"Kina nini chakula changu? Chumvi imezidi? Nyama haijaiva?"

"Hakina kitu."

"Hakina kitu na Bibi hajala? Niambieni! Nimepika tangu alfajiri!"

Akalia, siku ya harusi ya mwanawe. Na wapishi wenziwe wakaanza kuonja masufuria upya, moja moja, wakitafuta kosa lisilokuwapo.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na kisima, nimeinama, nimeshatapika. Nikasikia hatua. Nikadhani ni mama. Alikuwa Bibi.

"Wewe!" akasema. "Umenitia ndaa bure." Ndaa kwetu ni njaa.

"Nisamehe, Bibi."

"Samahani haiyazi tumbo. Tangu asubuhi nimekunywa kahawa tupu nikikiwekea nafasi chakula hiki. Una nini? Una mimba?"

"La, Bibi! Sina mume."

"Sikukuuliza mume. Nimekuuliza mimba."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinanitoka. Na hapo, ndugu zangu, nikasema. Sijui kwa nini kwake yeye. Labda kwa sababu alikuwa na hasira na njaa, na mimi kilichokuwa kinaniogopesha miaka yote ni mtu kunionea huruma. Nikamwambia yote, ovyo ovyo, bila mpango, mwisho mbele na mwanzo nyuma. Nikamwambia tumbo lilikatwa likabaki dogo kama yai, na hata sasa limetanuka kidogo tu.

Akanikazia macho. "Na yai hilo ndilo lililorudisha sinia langu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ulishindwa kunambia? 'Bibi, mimi nikiondoa mkono, wewe kula.' Maneno hayo ni mazito kuliko hiyo keki uliyoibeba baharini?"

Nilitaka kumjibu. Nina majibu mengi, nimeyatunga kwa miaka. Lakini yeye alikuwa ameshaacha kunitazama uso. Alikuwa anatazama chini.

"Na mguu huo?"

"Mguu gani?"

"Mguu wako, mwanangu! Damu yote hii huioni?"

Nilikuwa nimevua viatu mkekani, nikatoka mbio bila kuvivaa. Nyuma ya nyumba nilikanyaga kigae cha chupa. Kilikuwa bado kimo, kimesimama ndani ya unyayo wangu kama msumari, na mchanga wote ule umelowa. Sikusikia kitu. Nilisimama juu ya kioo nikimhadithia habari za tumbo.

Bibi akanikalisha ukingoni mwa kisima. Akakitoa. Akanifinya kidole cha mguu. "Hapa wasikia?"

"La."

"Hapa?"

"La, Bibi."

"Hapa?"

Mzaha wote ukamtoka usoni. Akamwita mama kwa jina lake la utotoni, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Mama alipokuja nilimweleza tena. Safari hii ilikuwa rahisi, maneno yalikuwa yameshatoka mara moja. Alikuwa ananifunga mguu kwa mtandio wake, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilidhani umekiona chakula changu kibaya tangu utoke Mombasa. Nilidhani unaona haya kula nasi." Basi. Akakaza fundo. Kwa muda wote ule mimi nipo jikoni najisikitikia, yeye alikuwa anakaa kwenye sinia lake akijiuliza amenikosea nini. Tulikuwa wapweke wawili, ukuta mmoja katikati.

Tulirudi mjini siku ile ile. Nesi aliyenipokea ni dada yetu wa bara, yumo humu ndani, amenikataza kumtaja. Akaukagua mguu, akautazama ulimi wangu.

"Nisikudanganye," akasema, "hii operesheni yako sijaiona sana huku. Lakini ganzi hii na huu ulimi, lazima damu ipimwe. Nipe namba ya huyo daktari wako tumuulize."

"Atanikasirikia. Sikurudi kupimwa."

"Wacha akasirike. Kwani ulikuwa unangoja nani akuulize unaumwa?"

Daktari hakukasirika. Alisema anashukuru amepigiwa. Damu ilipopimwa, ile vitamini inayolinda mishipa ya fahamu, wanaiita B12, ilikuwa karibu imekwisha mwilini, na madini ya chuma yamepungua vibaya. Nikaanzishiwa sindano. Na lile swali la jelatini? Mama alimpigia sheikh, mbele yangu, kwa simu. Akajibiwa kuwa ikiwa ipo dawa isiyo na shaka nitumie hiyo, na kwamba mwili ni amana, nisiuache uharibike kwa kuona haya kuuliza. Nesi akasema sindano haina ganda, na vidonge vigumu visivyo na jelatini vipo, ataviagiza. Jambo lililonila nywele na miguu lilikwisha kwa asubuhi moja.

Sitawadanganya kwamba yote yamerudi. Nywele zimerudi. Ulimi umepona. Vipimo vya keki vimenirudia kichwani. Lakini vidole vya mguu wa kushoto bado vimekufa ganzi, na nimeambiwa huenda vikabaki hivyo. Kila jioni naukagua unyayo kwa kioo cha mkononi. Sindano ni za maisha. Ngozi inaning'inia mahali ambapo buibui inafunika, na hilo silizungumzi na mtu bado, mmelisikia nyinyi. Ramadhani siwezi kufunga. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, kukaa mchana na bilauri ya maji, mlango umefungwa, mji mzima umefunga. Huo ni upweke wa aina yake, na dawa yake sijaipata. Kuna siku bado nachukua kisahani changu nikaenda jikoni, na si kwa sababu ya keki.

Lakini siku nyingine nakaa. Mara ya kwanza nyumbani nilisema ile sentensi ya Bibi kwa sauti ndogo kama mtu anayeiba: "Mimi nikiondoa mkono, nyinyi kuleni." Mama akasogea. Wifi akasogea. Wale watoto wamelifanya mchezo, nikiondoa mkono tu wanapiga kelele, "Shangazi ameondoa! Sisi tunaendelea!" Na wanaendelea kweli, mpaka sinia linang'aa. Mimi nabaki nimekaa, mkono umetulia, nasikiliza wanachocheka.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru Bibi, ambaye mpaka leo anadai nimemnyima pilau, na tulipompelekea sinia zima peke yake alisema si tamu kama lile. Namshukuru mama kwa mtandio wake na kwa ile simu. Namshukuru nesi, aliyesema hajui na akatafuta anayejua. Na yule mwenye harusi wa Kipungani, nilimwendea mwenyewe nikamwambia chakula chake hakikuwa na kosa hata chembe. Alinikumbatia, kisha akanigombeza.

Fundisho langu ni hili, na halikunyooka kama nilivyotaka, nimeshindwa kulinyoosha. Ugonjwa wako ukikosa jina, upe sentensi. Moja, fupi, isiyo nzuri. Usingoje iwe nzuri. Mimi nilingoja iwe nzuri, na nikingoja miguu ikafa. Na nyinyi mkimwona mtu hali, msimuulize mbele ya sinia, wenzie wakisikia. Mfuateni nyuma ya nyumba. Mgombezeni huko mkitaka.

Nimeambiwa kikao kikiisha kuna chakula, na harufu yake inanifikia tangu nilipoanza kusoma. Leo nitakaa na watu nisiowajua. Basi nawaambia mapema nyinyi mtakaonikaribisha: nikiondoa mkono, mpishi hana kosa, nami sijakasirika na mtu. Nitakuwa nimeshiba, na nitakuwa bado nipo. Nyinyi kuleni.